Chupa Iliyosema Ngo

Mpendwa Bi Regina,

Naomba msaada wa safu yako ya ushauri gazetini, na naomba uniruhusu nianze na sauti, maana bila sauti hiyo barua yangu yote itaonekana ni kelele za msichana aliyesoma sana akakosa la kufanya. Sauti yenyewe ni "ngo". Ni sauti ya chupa nene iliyogonga bampa la chuma na kukataa kupasuka. Siku ilipogonga mimi sikuwepo, hata baba yangu alikuwa hajazaliwa, lakini nimeisikia maisha yangu yote mezani kwetu ikitoka vinywani mwa watu: jiko likikataa kuwaka mtu husema "ngo", mkate usipoumuka mtu husema "ngo", na nilipoanguka mtihani wa udereva babu aliinua kijiko, akagonga ukingo wa sahani, akasema "ngo", meza nzima ikacheka, nami nikacheka, na bibi Stefania akainuka kwenda kuongeza supu ambayo hakuna aliyeiomba.

Chupa hiyo ilikuwa ya gari la zimamoto. Kijiji chetu kilipopata gari lake la kwanza, lori jekundu aina ya Star lenye pampu nyuma na benchi la mbao la wazima moto, bibi yangu ndiye aliyechaguliwa kuwa mama wa ubatizo wake, maana kwetu gari kama hilo hubatizwa kama mtoto, kwa sababu alikuwa na sauti nzuri kanisani na, nadhani, kwa sababu alikuwa mrembo. Alisimama mbele ya bendi ya tarumbeta na mkuu wa kikosi na kijiji kizima, akalitaja jina la gari, akapiga chupa ya shampeni kwenye bampa. Ngo. Akapiga tena. Ngo. Watu wakaanza kucheka, kisha wakaacha kucheka, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwa jinsi ninavyomjua. Ndipo kijana mmoja aliyekuwa dereva wa gari hilo akatoka kwenye mstari, akaichukua chupa mikononi mwake taratibu, akamwambia asijali, akaenda akaitupa mtoni ichukue mkosi wake. Kijana huyo alikuwa Alojzy, babu yangu. Bibi husema siku hiyo ndiyo aliyojua ataolewa na nani. Ni hadithi ya mapenzi ya nyumba yetu, Bi Regina. Tunasimuliwa wakati wa Krismasi, tunasimuliwa kwenye harusi, nami nikiwa chuoni Kraków niliwasimulia wenzangu na wawili wakalia.

Lakini kijiji kilikumbuka upande mwingine. Vuli ile ile gari lilizama kwenye tope la shamba la bitiruti wakati ghala la watu likiungua, na watu wakasema ni mkono wa Stefania. Hawakusema kwa ubaya, walisema kama watu wanavyotaja hali ya hewa. Na tangu siku hiyo hakuna mtu kijijini aliyewahi kumwomba bibi awe mama wa ubatizo wa mtoto wake. Hata mmoja. Mwanamke anayeimba mbele kila Jumapili, aliyezalisha nusu ya ng'ombe wa kijiji hiki kwa mikono yake, na kwenye ubatizo wangu mimi alisimama safu ya tatu akiwa ameshika koti la mtu mwingine. Nimeona picha.

Babu alipofariki, baba yangu Zenon, ambaye sasa ndiye mkuu wa kikosi chetu cha kujitolea, aliamua tulifufue lile gari kwa heshima yake. Lilikuwa limeachwa nyuma ya banda la mkulima mmoja, kuku wakitaga kwenye siti ya dereva. Tulilivuta nyumbani kwa trekta na tangu hapo kila majira ya baridi familia yetu inaishi ghalani: baba kwenye injini, mama akishona upya viti, mdogo wake babu, Walenty, ambaye sote tunamwita Babu Walek, kwenye mbao na mabomba, nami kwenye kutu na rangi, kwa sababu nimesomea kuhifadhi vitu vya kale na hatimaye kitu cha kale kimepatikana ambacho hakuna mtu wa kunipokonya. Nitakwambia ukweli, sijawahi kuwa na furaha kama nilivyo nikiwa na msasa mkononi na vumbi jekundu puani, huku baba na Babu Walek wakitaniana chini ya gari kama watoto. Bibi peke yake ndiye hajawahi kuingia. Huleta sufuria ya pierogi, zile sambusa zetu za kuchemsha, huiacha kizingitini, hugonga mlango mara moja na kuondoka.

Sasa gari liko tayari. Siku ya Mtakatifu Florian, msimamizi wa wazima moto, litatolewa mbele ya watu na kubatizwa upya, kwa maana baba anasema ule ubatizo wa kwanza haukushika. Litaitwa Alojzy. Jina nimeliandika mimi mwenyewe mlangoni kwa rangi ya dhahabu, herufi kwa herufi, nikiwa nimebana pumzi. Na mama wa ubatizo aliyechaguliwa ni mimi. Nilikubali palepale, nikaona fahari. Bibi aliposikia alisema nivae viatu visivyoteleza.

Hapa ndipo ninapofika kwenye shida yangu. Kabla ya kumaliza kazi, tulikuwa tumebakiza sakafu ya chumba cha dereva. Niling'oa ubao wa mwisho na chini yake, kwenye kona, nikakuta kizibo cha shampeni, kile kinene chenye kichwa kama uyoga, na waya wake umekikumbatia. Nilifurahi kupita kiasi. Nilimwita Babu Walek nikamwambia tazama, kizibo cha siku ile, babu alikihifadhi kwa mapenzi. Babu Walek akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaanza kutafuta nyundo ambayo alikuwa ameishika.

Mimi nina kasoro moja, nikiona kitu kimelala mahali pasipo pake siwezi kuondoka. Nikamuuliza, kama chupa haikupasuka, na babu aliitupa mtoni ikiwa imefungwa, kizibo chake kilifikaje chini ya sakafu ya gari?

Akaketi kwenye ngazi ya gari. Akasema, "Tuliambiwa tuipoze kisimani, mimi na kaka. Tulikuwa tumeling'arisha gari mchana kutwa. Kaka akasema, Walek, hii kesho inamwagwa kwenye chuma. Chuma kinajua nini kuhusu shampeni?"

Wakainywa, Bi Regina. Waliketi kwenye siti za mbele za gari jipya, wakainywa yote, wakaijaza chupa kompoti ya mapeasi, yale maji matamu ya matunda yaliyochemshwa, kwa sababu rangi ilifanana, wakachonga kizibo kingine kutoka kwenye chupa ya siki na kukifunika kwa ile karatasi ya dhahabu. Waliona wamefanya jambo la busara. Kilichowaponyoka ni kwamba shampeni haipasuki kwa nguvu za mwanamke anayeipiga, inapasuka kwa gesi iliyobanwa ndani ambayo inasubiri upenyo tu. Chupa yake ni nene kuliko zote. Itoe gesi, tia maji ya mapeasi, na utakachobaki nacho ni rungu la kioo. Bibi angeweza kupiga mpaka jioni.

Kwa hiyo babu hakutoka kwenye mstari ili kumwokoa. Alitoka ili chupa isikaguliwe. Na aliporudi kutoka mtoni akiwa shujaa, alinyamaza, akaoa, akaendelea kunyamaza, na mezani, na kijiko chake, yeye ndiye aliyekuwa anasema "ngo" kwa sauti kuliko wote.

Babu Walek amenishika mkono akaniomba nisiseme. Anasema kaka yake alimpenda Stefania kweli, na hilo naliamini kwa macho yangu. Nilimwona akimfunga kamba za viatu bibi alipokuwa hawezi kuinama. Anasema marehemu hawezi kujitetea, jina liko mlangoni, wageni wamealikwa, kwa nini kumvunja bibi kizee kwa ajili ya kompoti. Nikinyamaza, nitasimama mahali pa bibi yangu, nitapiga chupa iliyojaa, itapasuka kama inavyopaswa, watu watapiga makofi, na kijiji kizima kitapata uhakika kwamba tatizo lilikuwa mkono wake. Nikisema, namvua aibu na kwa mkono huo huo namvua siku aliyojua ataolewa na nani, na sijui kati ya hivyo viwili ni kipi anachokihitaji zaidi ili aweze kuamka asubuhi, na nimekuwa nikimtazama jikoni kama mwizi anayepima dirisha. Babu huyu ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa kunisomesha maandishi ya milango ya magari. Nampenda na nina hasira naye, na sijui nimpelekee nani hasira hiyo.

Niambie nifanye nini. Niko tayari kufanya jambo gumu, nataka tu kujua ni lipi.

Kalina, mkoa wa Lublin

*

Mpendwa Kalina,

Barua yako nimeisoma nikicheka, nikairudia nikiwa na hasira, na hasira yangu nimeigawa sawasawa. Fungu la kwanza ni la marehemu babu yako, Mungu ampumzishe na amwoneshe chupa ile kila asubuhi huko aliko. Fungu la pili ni lako.

Umenijazia kurasa kuhusu atakachohisi bibi yako. Umempima, umemchungulia, umemwonea huruma. Mahali gani katika kurasa hizo umemuuliza neno lolote? Unamtendea kama kile kitu cha kale ulichosomea, kitu cha kushikwa kwa glavu. Binti, mwanamke huyo kijiji kizima kimemgonga tangu ujana wake na hajapata ufa. Wewe ndiye unayeogopa kumgusa.

Mnagawana hofu vizuri, wewe na huyo mzee Walek. Yeye anasema anamlinda Stefania, kumbe analinda heshima yake na kaburi la kaka yake. Wewe unasema unalinda mapenzi yao. Kama mapenzi yale yalisimama juu ya chupa moja, yangeanguka kabla baba yako hajaota meno. Wamelea watoto, wamezika wazazi, mke amefungwa kamba za viatu. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe aifanye, akiwa na habari kamili mkononi, si nusu. Anaweza kumsamehe mumewe. Anaweza asimsamehe, akaenda makaburini kumwambia machache, na hilo pia ni haki ya mke. Lakini hawezi kufanya lolote kati ya hayo wakati ninyi wawili mmekalia habari zake.

Maana habari hizo si zako, Kalina, wala si za Walek. Ni mali ya Stefania iliyokaa muda mrefu mno kwa watu wengine.

Sasa sikiliza. Huyo mzee Walek ndiye atakayesema, kwa kinywa chake, na awe hajanywa kitu. Mpeleke jikoni kwa bibi mchana, siku ambayo hakuna wageni, kaa kati yake na mlango. Akishamaliza, toka nje, na umburute naye atoke. Bibi yako hana haja ya watazamaji, amekuwa nao wa kutosha. Baba yako ataambiwa na mama yake mwenyewe, akitaka. Usithubutu kulitangaza jambo hili kwenye kipaza sauti siku ya Florian ukidhani unamsafisha. Aibu aliyopewa mbele za watu haiondolewi kwa kumshtua mbele za watu. Yeye ndiye atakayechagua nani ajue.

Jiondoe kwenye huo umama wa ubatizo leo, kabla hujamwambia bibi lolote, ili asidhani unamwachia nafasi kwa huruma baada ya kusikia. Gari lile lina mama. Hakuwahi kukosea.

Na mwisho, ile "ngo" iishe nyumbani kwenu. Usingoje baba yako aache. Anza na kinywa chako, kwa sababu umeniandikia mwenyewe kwamba ulicheka.

Regina

*

Jibu hili lilikuwa limeshakwenda kwa mchapaji nilipoletewa barua ya pili. Naichapa kama ilivyo. R.

Mpendwa Bi Regina,

Sikungoja. Nilipotia barua yangu kwenye sanduku la posta niligundua kwamba jambo gumu nilikuwa nimeshaliandika kwa mkono wangu, lilikuwa limebaki kulitenda tu.

Nilimpeleka Babu Walek jikoni. Bibi alikuwa anakata unga uliokandwa wa pierogi kwa mdomo wa glasi. Babu Walek aliiambia kofia aliyoishika mikononi habari zote, tangu kisima mpaka mto, na bibi aliendelea kukata, duara baada ya duara, bila kuinua macho, hata nikaanza kuogopa kwamba hasikii. Alipomaliza, bibi aliuliza jambo moja.

"Kompoti mliitoa wapi?"

Babu Walek akasema waliitoa kwenye stoo ya chini, ya mama yake Stefania, hatua chache kutoka kisimani.

"Mtungi wa mapeasi."

"Ndiyo, shemeji."

"Mama alinichapa kwa sababu ya mtungi ule," bibi akasema. "Nilikuwa msichana wa kuolewa. Alinichapa kwa mwiko, na kesho yake nikaenda kubatiza gari huku siwezi kukaa."

Bibi alifuta mikono, akavaa buti zake, akatoka. Nilimfuata kwa mbali. Aliingia ghalani, Bi Regina, kwa mara ya kwanza, akalizunguka gari polepole akigusa kila kitu, viti vya mama, mbao, bomba la pampu. Alisimama mbele ya mlango akasoma jina. Mimi nikamwambia nina kisu cha kukwangulia rangi, jina naweza kuliondoa sasa hivi, kesho hakuna atakayejua lilikuwepo.

"Liache," akasema. "Nataka kumpiga yeye mwenyewe."

Kisha akainama, akagonga bampa kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, na akacheka peke yake kwa muda mrefu. Sijui kicheko hicho kilikuwa cha nini na nimeamua kutokikagua.

Baba aliambiwa na bibi mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Baba alitoka akiwa amekunjamana uso, akaenda kuvaa sare yake yote ya kikosi, akarudi, akavua kofia mbele ya mama yake, akamwomba awe mama wa ubatizo, kwa maneno yale yale ambayo watu huomba kwa mtoto mchanga. Hakuwahi kuombwa hivyo na mtu yeyote. Bibi alimjibu kwamba atafikiri. Alimngojesha mpaka Jumapili baada ya misa, wakati kijiji kizima kimesimama nje ya kanisa, ndipo akasema sawa, Zenon, nitakufanyia.

Wengine hatujawaambia chochote. Bibi anasema watasikia chupa.

Mimi nilikuwa nimeshajiondoa kabla hatujaingia jikoni. Nimekwenda mjini nikanunua shampeni mwenyewe, imejaa, waya wake haujaguswa na mtu, na nimeifungia kwenye kabati langu la vitabu. Babu Walek amejitolea kuipoza kisimani. Nimemjibu kwamba shampeni yenye joto hupasuka vizuri zaidi, na ufunguo nimeutia kwenye mkufu, niko nao shingoni.

Kalina